Jali Makawa na Ndege Aliyepatikana Mara Moja

Pogoniulus makawai ni jina la kisayansi la ndege mdogo wa jamii ya zuwakulu, anayejulikana duniani kote kwa ngozi moja tu. Ngozi hiyo imehifadhiwa katika mji mdogo wa Tring, Uingereza, kwenye tawi la Makumbusho ya Historia ya Asili linalotunza ndege. Ndege mwenyewe alipatikana tarehe 6 Septemba 1964 mahali paitwapo Mayau, wilaya ya Kabompo, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo wiki saba baadaye ilipata uhuru ikaitwa Zambia. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa ndege, Constantine Walter Benson na Michael Patrick Stuart Irwin, walimtangaza kuwa spishi mpya. Neno la kwanza la jina lake, Pogoniulus, ni la jenasi, yaani ukoo anaoshiriki na ndugu zake. Neno la pili, makawai, limetoka kwa mtu. Mtu huyo ni Jali Makawa, Mwafrika mzaliwa wa Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, na ndiye aliyempata ndege huyo.

Mpango wa kumpa kila mnyama majina mawili ya Kilatini unahesabiwa tangu mwaka 1758, Carl Linnaeus alipochapisha toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae. Neno la pili huweza kueleza rangi, makazi, tabia au mahali. Huweza pia kumtunza mtu, na hapo ndipo sarufi ya Kilatini inapoingia. Jina la mwanamume huongezewa -i, la mwanamke -ae, la wanaume kadhaa au kundi lenye wanaume na wanawake -orum, na la wanawake kadhaa -arum. Viambishi hivyo hufanya kazi ileile ya kihusishi cha -a katika Kiswahili: makawai maana yake ni “wa Makawa”. Kuna tofauti moja tu. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinataka neno la pili liandikwe kwa herufi ndogo. Jina la mtu likishaingia humo hupoteza herufi yake kubwa, na msomaji asiyejua habari zake hulipita akidhani ni neno lolote la Kilatini.

Herufi hizo chache za mwisho ndizo ushahidi wa kwanza kwa anayetafuta mwenye jina. Katika milima ya Uluguru, Tanzania, wako ndege wawili wanaofaa kuwa mfano. Mmoja ni chozi aitwaye Cinnyris loveridgei, aliyepewa jina mwaka 1922; mwisho wa -i unaonyesha mwanamume, naye ni Arthur Loveridge, aliyekuja Nairobi mwaka 1914 kusimamia makumbusho na baadaye kufanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard. Wa pili ni Scepomycter winifredae, aliyetangazwa mwaka 1938 na Reginald Moreau, mtumishi wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Mwisho wa -ae unaonyesha mwanamke: Winifred, mkewe Moreau. Majina hayo mawili yana jambo moja zaidi la kutazamwa. Moja limechukua jina la ukoo, jingine limechukua jina la kwanza, na kanuni zinaruhusu yote mawili.

Ruhusa hiyo imewapoteza wengi. Katika misitu ya Kilifi, Kenya, yuko mnana adimu aitwaye Ploceus golandi. Hakuna ukoo wa Goland unaohusika. Aliyemtangaza ndege huyo mwaka 1913 alikuwa Stephenson Clarke, naye alimpa jina la ndugu yake, Goland Clarke. Kwa muda mrefu Waingereza walimwita mnana huyo kwa jina la ukoo wa Clarke, na msomaji wa leo anayekutana na majina hayo mawili kwa ndege mmoja ana haki ya kuuliza ni Clarke yupi aliyeheshimiwa. Hadithi ya ndege huyo ilikuwa na fumbo jingine pia: ingawa alijulikana tangu 1913, mahali anapotagia hapakugunduliwa hadi mwaka 2013, katika eneo la Dakatcha kaskazini mwa Malindi.

Mtego mwingine ni wa koo zinazofanana. Mwanzoni mwa karne ya 20 ulimwengu wa ndege wa Afrika ulikuwa na akina Sharpe wawili. Mmoja, Richard Bowdler Sharpe, alikuwa msimamizi wa ndege katika makumbusho ya London, mtu aliyetangaza spishi nyingi bila kukanyaga kwao. Mwingine, Alfred Sharpe, alikuwa mtawala wa kikoloni aliyekuwa gavana wa kwanza wa Nyasaland. George Ernest Shelley alipotaka kumheshimu huyu wa pili mwaka 1903, alitumia jina lake la kwanza, na ndege akaitwa alfredi. Jina hilo liliondoa utata kwa mtu anayejua kuwa Alfred alikuwa na jina la ukoo la Sharpe. Kwa asiyejua, liliongeza kitendawili.

Jina la Fischer lina mtego mkubwa zaidi. Kasuku mdogo wa kaskazini mwa Tanzania, mwenye uso wa rangi ya machungwa na mwili wa kijani, anaitwa Agapornis fischeri. Bata mmoja wa baharini wa Alaska na Siberia anaitwa Somateria fischeri. Neno ni lilelile, herufi kwa herufi, lakini watu ni wawili. Fischer wa bata ni Johann Gotthelf Fischer von Waldheim, mwanasayansi wa Moscow, aliyepewa heshima hiyo mwaka 1847. Fischer wa kasuku ni Gustav Adolf Fischer, daktari Mjerumani aliyefika Zanzibar mwaka 1876, akasafiri Witu na Mto Tana, kisha mwaka 1882 na 1883 akatoka Pangani kupitia nchi ya Wamaasai hadi Naivasha. Mwaka 1885 alianza safari yake ya mwisho, ya kumtafuta mpelelezi Wilhelm Junker, na njia yake ilipita kusini na mashariki mwa Ziwa Victoria. Alifariki Berlin mwaka 1886, muda mfupi baada ya kurudi. Kasuku alitangazwa mwaka 1887. Mwenye jina hakuwahi kulisoma.

Mfano wa Fischer unaonyesha njia ambayo mtafutaji lazima aifuate. Jina peke yake halitoshi. Lazima arudi kwenye maelezo ya kwanza, yaani chapisho ambamo ndege alipewa jina. Humo hutajwa kielelezo, mahali kilipotoka na mara nyingine sababu ya jina. Ni mara nyingine tu, kwa kuwa kanuni zinapendekeza mwandishi aeleze asili ya jina lakini hazimlazimishi. Waandishi wengi wa karne ya 19 hawakueleza lolote. Walimwandikia msomaji wa wakati wao, aliyejua kwamba “Fischer” wa gazeti la ndege la Berlin ni yule daktari wa Zanzibar. Kilichokuwa wazi kwao kimekuwa giza kwa wajukuu zao.

Maelezo yakikaa kimya, kielelezo chenyewe huulizwa. Ngozi ya ndege katika makumbusho huandaliwa kwa namna ambayo haijabadilika sana kwa karne mbili: tumbo hupasuliwa, nyama hutolewa, ngozi hupakwa dawa ya kuzuia wadudu, hujazwa pamba, hushonwa, na miguu hupishanishwa na kufungwa kwa uzi. Kwenye uzi huo huning'inia kikaratasi. Juu yake huandikwa tarehe, mahali, jinsia, rangi ya macho na miguu kabla hazijafifia, na jina la mkusanyaji. Kwa mtafutaji, kikaratasi hicho kina thamani kuliko manyoya. Tarehe na mahali vikijulikana, vinaweza kulinganishwa na daftari la mapokezi la makumbusho, barua, shajara na ramani za safari. Mtu anayedaiwa kuwa mwenye jina lazima awe alikuwepo mahali hapo siku hiyo, au awe na uhusiano unaoonekana na aliyekuwepo.

Lakini kikaratasi nacho kina uongo wake wa kimyakimya. Sehemu iliyoandikwa “mkusanyaji” mara nyingi haikujazwa jina la aliyembaini ndege mtini na kuichuna ngozi usiku kwa taa ya kandili. Ilijazwa jina la aliyelipa mshahara. Katika mashariki mwa Kongo, Alexandre Prigogine, mtaalamu wa madini aliyeishi Kamituga, aliweka mkusanyiko mkubwa wa ndege wa milima ya Itombwe kwa kutegemea wawindaji wenyeji aliowaajiri. Bundi aliyepatikana huko aliitwa Phodilus prigoginei mwaka 1952. Kirukanjia mmoja wa Malenge, aliyepatikana mwaka 1955 na kukaa kabatini miaka 35, alitangazwa mwaka 1990 kwa jina la Caprimulgus prigoginei. Prigogine alistahili heshima: bila yeye ngozi hizo zisingefika Ulaya. Hata hivyo, anayeuliza “nani aliyempata ndege huyu?” na akajibiwa “Prigogine” amepewa jibu la swali jingine.

Kwa kipimo hicho, makawai ni jina la aina yake. Benson alifika Nyasaland mwaka 1932 akiwa ofisa kijana wa serikali ya kikoloni, mwenye hamu ya ndege kuliko ya mafaili. Katika miaka hiyo ya mwanzo alimwajiri Jali Makawa, na wawili hao walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 30. Benson alipohamishiwa Rhodesia ya Kaskazini, kwenye idara ya wanyamapori na baadaye kwenye makumbusho ya Livingstone, Makawa alikwenda naye. Benson aliandika makala na vitabu vilivyokuwa msingi wa elimu ya ndege wa Malawi na Zambia, na sehemu kubwa ya msingi huo ilikuwa ngozi zilizopitia mikononi mwa Makawa. Kazi hiyo haifanywi na mbeba mizigo. Inataka mtu anayetofautisha milio ya ndege wanaofanana, anayejua ndege yupi hukaa mti gani na saa ngapi, anayelenga bila kumharibu, na anayeichuna ngozi nyembamba kama karatasi bila kuichana.

Kumtambua mwenye jina katika mfano huu kulikuwa rahisi kwa sababu waliotoa jina walitaka atambulike. Walichukua jina la ukoo wa Makawa, wakaliongezea -i moja, na wakaeleza ni nani. Jina, kielelezo na mkusanyaji vinakutana kwa mtu mmoja: aliyempata ndege ndiye aliyetunzwa na jina. Msomaji aliyepitia mifano ya nyuma ataona jinsi mkutano huo ulivyo adimu. Loveridge alikuwa mwanasayansi mwajiri, Winifred alikuwa mke wa mtangazaji, Goland alikuwa ndugu, Sharpe alikuwa gavana. Fischer alikusanya mwenyewe, ila alikuwa mkuu wa msafara wenye wapagazi na wasaidizi ambao majina yao hayakuingia kwenye Kilatini. Makawa aliingia.

Kilichofuata baada ya 1965 kilimgeuza ndege huyo kuwa fumbo. Mayau iko karibu na misitu minene ambayo wenyeji huiita mavunda, inayoota juu ya mchanga wa Kalahari, ikiwa na vichaka vilivyosokotana na ukosefu wa maji. Watafiti waliorudi huko kumtafuta, tena na tena kwa miongo kadhaa, hawakumwona wa pili. Walichokuwa nacho ni ngozi ileile ya Tring: ndege mwenye kiuno cha njano kama ndugu yake wa karibu, Pogoniulus bilineatus, lakini asiye na mstari mweupe juu ya jicho, mwenye kidevu cheusi na kifua cheupe. Wengine walisema ni spishi halali iliyojificha kwenye mavunda. Wengine walisema ni bilineatus aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida. Orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini ilimweka kwenye kundi la wale ambao taarifa zao hazitoshi.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba vilivyochukuliwa kwenye ngozi yenyewe. Ndege wa Makawa aliangukia ndani ya tawi la bilineatus, si pembeni yake. Matokeo hayo yaliipa nguvu hoja ya kwamba si spishi inayojitegemea, ingawa tofauti ya manyoya yake bado inahitaji maelezo. Bilineatus si mgeni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki: ndiye yule ndege mdogo wa misitu na bustani ambaye mlio wake hurudiwa-rudiwa kama nyundo ya fundi bati. Na nususpishi yake ya pwani ya Kenya na Unguja inaitwa fischeri, kwa heshima ya daktari yuleyule wa Zanzibar. Daktari wa Zanzibar na mkusanyaji wa Nyasaland, waliotenganishwa na miaka themanini, wamekutana ndani ya ndege mmoja.

Spishi ikifutwa, jina lake haliungui. Kanuni ya utangulizi inasema jina la zamani zaidi ndilo linalotumika. Bilineatus lilitolewa mwaka 1850, kwa hiyo ndilo litakalobaki ikiwa ndege hao wawili ni wamoja. Makawai litahamia kwenye orodha ya visawe, majina ambayo hayatumiki lakini hayasahauliki, na yeyote atakayeandika historia ya ndege huyo atalazimika kulitaja. Hata Benson mwenyewe hakuepuka hali hiyo. Mwaka 1971 ndege mmoja wa Madagascar aliitwa Monticola bensoni kwa heshima yake. Utafiti wa baadaye umemfanya nususpishi ya Monticola sharpei, na Sharpe huyo si yule gavana wa Nyasaland, ni yule msimamizi wa London. Heshima ya jina la kisayansi, basi, haimthibitishii mtu umilele, awe mwajiri au mwajiriwa.

Katika miaka ya karibuni umezuka mjadala kuhusu majina ya watu kwa ndege. Novemba 2023 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina ya Kiingereza ya ndege wa eneo lake yanayotokana na watu, kwa hoja kwamba baadhi ya majina hayo yanahusishwa na mambo ya zamani yanayoendelea kubagua na kuumiza watu. Majina ya kisayansi hayamo katika mpango huo, na tume ya kimataifa inayosimamia majina ya wanyama imekataa kuyafuta kwa sababu za kimaadili, ikitanguliza uthabiti wa majina. Pande zote mbili zina hoja. Lakini mjadala wa nani aondolewe umefunika swali la nani hakuandikwa kabisa. Kumfuta gavana kwenye jina la ndege hakumrudishi mwindaji aliyempata. Kinachomrudisha ni kazi ya subira: kusoma vikaratasi, madaftari ya mishahara, shajara na picha za safari, na kuyaweka majina yanayopatikana humo mahali ambapo mtafiti mwingine atayaona.

Kazi hiyo inafaa kuanzia nyumbani. Makumbusho ya Nairobi, Dar es Salaam, Livingstone na Kongo yana makabati ya ngozi na madaftari ya karne iliyopita. Vikaratasi vinapopigwa picha na kuingizwa kwenye kompyuta, sehemu ya “mkusanyaji” isinakiliwe tu jinsi ilivyo. Iongezwe sehemu ya pili kwa ajili ya mtu aliyempata ndege, pale ushahidi unapomtaja. Wazee waliowahi kufanya kazi hiyo, au watoto wao, waulizwe kabla kumbukumbu hazijazikwa. Na spishi mpya zinapotangazwa leo kutoka Uluguru, Itombwe au Taita, mwandishi aeleze kwa sentensi moja kamili ni nani aliyeheshimiwa, alitoka wapi na alifanya nini. Sentensi hiyo haina gharama, na itamwokoa mtafutaji wa karne ijayo na miezi ya kubahatisha.

Hoja ya msingi ni nyepesi kuliko Kilatini chake. Jina la ndege ni kumbukumbu yenye kufuli, na ufunguo wake ni kikaratasi kilichofungwa mguuni. Kwenye ngozi ya Tring ufunguo huo upo, na mlango wake unafunguka kwa mtu sahihi. Ikiwa ndege wa Mayau ni spishi au la, hilo ni suala la vinasaba. Kwamba tarehe 6 Septemba 1964 Jali Makawa ndiye aliyempata, hilo limeshaandikwa, na hakuna uchunguzi wa maabara unaoweza kulibadilisha.